Ukoko Kichwani kwa Plamedie

Hapa Bel-Air, mtaa wetu wa Lubumbashi, ukikutana na mwanaume ambaye kichwa chake kinang'aa na mstari wa paji umenyooka kama umepigwa rula, usimuulize amenyolewa wapi. Ni kwa Ruben Kunda. Wale wa mtaa wa Golf wana majumba, wana mbwa wanaokula nyama kukuzidi wewe, lakini Jumamosi wanaegesha magari yao mbele ya kibanda cha mbao cha Ruben na kungoja zamu kama binadamu wengine. Sisi tulimjua kabla yao. Anayebisha alete kichwa chake tukikague.

Ruben mwenyewe hajisifu, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwetu. Alikuja kutoka Mitwaba akiwa kijana mwembamba, mkasi mfukoni, na mkasi huo ukamtafutia kibanda, nyumba ya kupanga, na mwisho ukamtafutia Claudine, binti wa watu wa Kasai, mrefu, mwenye kucheka hata kanisani. Tulimwambia, wewe wa Mitwaba utawaweza Wakasai? Alimweza. Wakaishi vizuri hadi siku Claudine alipoingia maternite kujifungua, kwa miguu yake, na kutoka amebebwa. Damu ilikataa kusimama. Mtoto alitoka mzima: msichana, wakamwita Plamedie, jina ambalo mama yake alikuwa amelichagua tayari.

Kwenye matanga Ruben hakulia. Alipanga viti, akafunga turubai, akaonyesha wageni mahali pa kunawia. Akina mama waliokuwa wakilia walimtazama kwa pembe ya jicho, maana mwanaume aliyefiwa na mke machozi yake yanakaguliwa kama sahani ya mgeni: amekula, hajala? Yeye hakuwa na la kuwaonyesha. Si kwamba aliyazuia. Aliyatafuta ndani mwake kama mtu anayepapasa mfukoni, akakuta mfuko mtupu, akaendelea kupanga viti.

Baadaye alifungua kibanda. Vichwa vilipita chini ya mikono yake kama viazi chini ya kisu. Mistari ilinyooka vilevile, na wateja hawakuona tofauti, ila walikosa mtu wa kucheka naye. Ukimuuliza "Habari, mukubwa?" alijibu "Tuko." Na kwa Lubumbashi jibu hilo linatosha, kwa hiyo hakuna aliyechimba zaidi. Bukari, ugali wetu, ikiwekwa mbele yake alikula. Isipowekwa hakuuliza.

Aliyekuwa akiiweka ni Kiki, dada yake mdogo, anayemwita Yaya, yaani kaka, mwanamke mzima mwenye mdomo wake, muuza mikate ya mafuta pale kwenye kona. Kiki alihamia kwa kaka yake ili amlee Plamedie kwa maziwa ya kopo. Alimbeba mgongoni akikaanga, alimbeba mgongoni akigombana na wateja, na mtoto akawa mtulivu kama aliyezaliwa sokoni.

Sasa kuna mtu mmoja lazima umjue. Ni Mamu Simone, mama wa Claudine. Alikuwa mwalimu huko Mbuji-Mayi kabla ya kuingia kwenye biashara ya vitenge. Akiongea Kifaransa hata padri anarekebisha kola yake. Na pamoja na shule yake yote, sheria ya buko anaishika kama katekisimu. Sheria ya buko, kwa wewe uliyelelewa na televisheni, ni hii: mwanaume na mama wa mke wake, wanaoitana muko, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawasemezani moja kwa moja. Lazima awepo mtu wa katikati wa kubeba maneno. Hata kama kati yao kuna rido tu, pazia la kitambaa, na kila mmoja anamsikia mwenzake akipiga chafya, maneno lazima yazunguke kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima. Miaka yote ya ndoa Ruben alijua viatu vya Mamu Simone kuliko sura yake.

Matanga yalipoisha, wazee wa pande mbili walikaa. Mamu Simone, kutoka chumba kingine, alituma neno: mtoto abaki kwa baba kwanza. Yeye angerudi Kasai, apange duka lake, halafu aje kuangalia. Akikuta mtoto analelewa vizuri, sawa. Akikuta vibaya, anamchukua, atakua Mbuji-Mayi na baba atamtembelea kama mgeni. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ruben alipoulizwa akasema, "Sawa." Kiki alimkanyaga mguu. Akasema tena, "Sawa."

Mtoto akaendelea vizuri, akanenepa, akacheka. Ila kichwani kukaanza jambo. Kwanza ilikuwa kama unga juu ya utosi, halafu unga ukashikana, halafu ukawa magamba ya njano, mazito, yenye mafuta, yamegandamana na nywele kama ukoko wa bukari uliosahauliwa kwenye sufuria. Watu waliosoma wana jina lake la Kifaransa, wanasema ni magamba ya maziwa na hayana neno. Mtaa haujasoma. Mtaa una maoni.

Jeannot, anayekaa kibandani kwa Ruben kutwa nzima bila kunyolewa, maana hana nywele, alikuwa na maoni kuliko wote.

"Ile ni maziwa ya kopo," alisema. "Inapanda ku kichwa, inakauka kule. Ya mama inashuka ku tumbo. Ya kopo haijue njia."

"Weye unajuaje?" mteja mmoja akamuuliza.

"Nilikunywa ya kopo. Angalia kichwa yangu!"

Kila mtu alicheka. Ruben alifuta mashine. Yeye alikuwa ameangalia kichwa cha mwanawe asubuhi ile kwa jicho la kazi, na jicho la kazi lilimwambia ni mapunye. Mapunye anayajua. Watoto wa mtaa mzima huletwa kwake nayo, na dawa yake ni ileile: nyoa kavu hadi chini, futa kwa spiriti, mtoto apige kelele, mama atoe shukrani. Hapo ndipo fundi alipokosea, na ni kosa la fundi tu. Mtu asiye na ujuzi angeogopa kugusa.

Jioni, Kiki akiwa anaosha sufuria uani, Ruben alimlaza Plamedie mapajani, akamfungia kitambaa cha kazi shingoni kama mteja, akawasha mashine. Magamba hayakunyoleka. Yaliinuka kwa vipande na kuvuta ngozi. Akamimina spiriti kwenye pamba, akafuta.

Kilio cha mtoto kilipasua parsele nzima, nyumba na ua. Kiki aliingia mbio na povu mikononi.

"Yaya! Unafanya nini? Ni mutoto, haiko kilenti!"

Ruben alikuwa ameshika pamba. Utosi wa mtoto ulikuwa mwekundu, na sehemu moja ilitoa maji. Alikisikia kilio kile kama redio ya jirani: kipo, kina kelele, si chake. Na jambo hilo, si kilio chenyewe, lilimfanya aketi. Alijua kwamba baba anapaswa kusikia kitu. Alingoja. Hakikuja.

"Sema hata pardon," Kiki alimwambia, akimfunga mtoto mgongoni.

"Pardon," Ruben akasema.

Haikupita wiki, Mamu Simone akafika. Hakutuma neno kwanza. Mwalimu wa zamani hajulishi siku ya mtihani. Ruben alisikia sauti yake langoni akaruka kutoka kiti cha sebuleni hadi chumbani, akavuta rido. Mtu akiwahi kukuambia kwamba Ruben Kunda hana mbio, mwambie hajamwona akimkimbia mama mkwe.

Mamu Simone alikaa. Alivua viatu. Alinywa maji. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipatie mujukuu wangu."

Kiki alimpa, akiwa amemvika kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linachoma bati. Mamu Simone aliitoa kofia. Nyuma ya rido, Ruben alisikia kimya, na akajua kofia imetoka.

"Kiki."

"Mama."

"Unamuuliza muko wangu: hii ni kichwa ama ni shamba baliyoichoma moto?"

Kiki aligeuka kwenye rido. "Yaya, banauliza kichwa ya mutoto iko namna gani."

"Sikusema vile," Mamu Simone akasema.

"Nimefupisha, mama."

"Usifupishe. Peleka yote."

Kiki akapeleka yote, na shamba, na moto. Ruben akajibu kwamba aliona kama mapunye, akanyoa, akaweka spiriti. Kiki akayarudisha hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayerudisha sahani iliyovunjika. Mamu Simone alifunga macho.

"Na weye, unamuosha kila siku?"

"Kila siku, mama! Asubuhi na magaribi."

"Kichwa?"

Hapo mdomo wa Kiki, unaojulikana hadi sokoni, ulipunguza sauti. "Kichwa… napita pembeni."

"Pembeni namna gani?"

"Pale juu kunapigapiga, mama. Kuko laini. Naogopa. Nikigusa, kidole inaweza kuingia."

"Donc, tangu mutoto azaliwe, juu hakuna aliyeosha."

"Hakuna."

Mamu Simone hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alisema tu kwa sauti yake ya darasani kwamba amekuja na mfuko, na Kiki aanze kutia nguo za mtoto. Neno lilikuwa limewekwa mbele ya wazee, na kila mmoja alilisikia. Gari la kurudi Kasai linaondoka kesho.

"Unamuambia," alisema.

Kiki hakugeuka. Hakukuwa na haja. Kutoka nyuma ya rido Ruben akasema, "Waambie nimesikia." Kiki alianza kukunja vinguo, akivuta kamasi, akikunja vibaya makusudi ili kazi ichelewe.

Lakini Mamu Simone hakuweza kusafiri na kichwa kile. Ndani ya gari watu wangekitazama njia nzima, kisha wamtazame yeye. Alitoa kwenye mkoba wake kichupa cha mafuta meusi, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, yenye harufu ya moshi na kahawa iliyoungua. Akaeleza: unapaka mengi, polepole, kwa ncha ya kidole. Unangoja hadi magamba yalainike. Hukwarui. Unaleta maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, unafuta, na kinachotaka kuondoka kinaondoka. Kilichogoma unakiacha kwa siku nyingine. Pale penye kidonda hupagusi.

"Basi mupake, mama," Kiki akasema.

Mamu Simone aliitazama mikono yake. "Hizi mikono," alisema, "ziliosha mwili ya Claudine. Kwetu, mikono iliyoosha mama haigusi utosi ya mutoto mpaka nywele ya kuzaliwa inyolewe. Fanya weye."

Kiki alijaribu. Alichovya kidole, akakisogeza, utosi ukapiga chini yake, akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya mikate.

"Siwezi, mama. Iko na uhai mule."

"Mutu wote iko na uhai, Kiki. Kwa mutoto unaiona tu." Mamu Simone aligeukia rido, kisha akasema, "Yule nyuma ya rido, si ye njo fundi ya vichwa?"

Basi Plamedie akapitishwa chini ya rido na Kiki kama barua chini ya mlango, na kichupa kikafuata. Ruben aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamlaza mtoto mapajani. Hakumfungia kitambaa cha kazi.

"Aanze pembeni," alisema Mamu Simone.

"Uanze pembeni," alisema Kiki.

"Asikamate kama anakamata bantu ya Golf."

"Usikamate kama unakamata bantu ya Golf, Yaya."

"Waambie nasikia," Ruben akasema.

Akapaka. Mafuta yalikuwa mazito, yakaingia taratibu kati ya magamba. Mtoto alikunja uso, akakumbuka spiriti pengine, kisha akaona haichomi, akaachia uso wake. Kiki alikwenda uani kupasha maji, na kule akakuta mbabula, lile jiko la makaa, imezimika, makaa yamekwisha. Akapiga kelele kwamba anakimbilia kwa jirani kuomba makaa, na lango likalia nyuma yake.

Nyumba ikabaki na rido, na watu wawili wasioruhusiwa kusemezana.

Ruben aliendelea kupaka. Kidole gumba kilifika katikati, pale laini, na chini yake kitu kikapiga, kidogo, bila haraka. Alikiacha kidole pale. Kisha, kwa mazoea ya mkono, ukucha wake ukaingia chini ya gamba moja lililokwisha kuinuka. Kwenye nyumba iliyonyamaza, mkwaruzo ule ulisikika.

"Usikwarue!" sauti ikasema.

Ruben alitoa ukucha. Mamu Simone alikuwa ameruka buko nzima kwa neno moja, na wote wawili walijua. Mwishowe akasema, taratibu, kama mtu ambaye nguo yake imekwisha kulowa hata akiikunja:

"Analia?"

"Hapana, mama."

"Shika nyuma. Pale chini ya kisogo. Kuko kamupando."

Ruben alipitisha vidole nyuma ya kichwa. Kulikuwa na kifupa kilichoinuka kidogo, kushoto. Alikijua. Kichwa cha Claudine kilikuwa na kifupa hicho, na yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa kisogo kila alipokata nywele, akikizunguka kwa mashine bila kuangalia.

"Nimeikuta," alisema.

"Ni yake. Hata miye niko nayo."

Alibaki ameishika. Nje, mtu alikuwa akiuza sabuni kwa kipaza sauti, bei ileile, sauti ileile.

"Ku matanga haukulia," Mamu Simone akasema. Haikuwa lawama. Aliuliza kama mwalimu anayeuliza kwa nini daftari halikuandikwa.

"Hapana."

"Unasikia nini?"

Angeweza kudanganya. Mwanaume mwenye akili angedanganya: angesema moyo umepasuka, angepiga magoti nyuma ya rido, na mtoto angebaki. Sisi wengine tungesema hivyo na kuongeza machozi. Ruben alitafuta tena ndani ya mfuko wake, akakuta uleule.

"Sisikie kintu, mama. Bantu banasema, nasikia. Wanalia, nasikia kelele. Lakini miye, ndani, hakuna. Hata siku ya spiriti mutoto alilia, sikusikia kintu." Kidole chake kilikuwa bado kwenye utosi. "Ila hii inayopiga, naisikia na kidole."

Akachovya kidole kingine kwenye mafuta.

"Mumuache, mama. Abakie na miye. Nitaosha kichwa mwenyewe. Sijue kama nitalia siku moja. Lakini kichwa nitaosha."

Viatu vya Mamu Simone, alivyoviona Ruben chini ya rido, havikusogea. Kisha vidole vya miguu yake vikaanza kuvitafuta kimoja kimoja, kama mtu anayefikiria kwa miguu.

"Mwanaume aliyesemezana na mama muko anatoa kuku," alisema hatimaye. "Jike, mweupe, wa kienyeji. Ule wa frigo sitaki."

"Lakini, mama, ni ninyi mulianza."

"Sheria ya buko haiulize nani alianza. Inauliza muko iko wapi na kuku yake."

Na hilo ni kweli, uliza yeyote: tangu buko iwepo, hakuna mama mkwe aliyewahi kutoa kuku. Ruben alifikiri kidogo. Mtu hadai kuku kwa mkwe anayemnyang'anya mtoto. Kuku anadaiwa kwa mtu ambaye bado mtakuwa mnasemezana kwa rido miaka na miaka.

"Nitaleta," alisema.

Kiki alirudi akihema, makaa kwenye bakuli, uso umejaa masizi. "Jirani alinilomba mikate kwanza! Yaya, mafuta imelainika?" Aliangalia rido, akamwangalia Mamu Simone. "Kuko nini? Mumenyamaza kama kanisa."

"Hakuna kitu," alisema Mamu Simone. "Pasha maji. Halafu utoe zile nguo mu mufuko, umezikunja vibaya."

Kiki alisimama na bakuli lake. Akapasha maji.

Ruben aliosha. Kitambaa kilipopita, magamba yalitoka kwa utulivu, yakabaki kwenye kitambaa kama ukoko uliolowekwa, na chini yake kulikuwa na ngozi ya rangi ya chai, nyororo, yenye vinywele vilivyolala. Mengine yaligoma, hasa pembeni mwa kidonda. Plamedie alilala katikati ya kazi, mdomo wazi. Ruben alingoja furaha ije, hata ndogo. Haikuja. Lakini aliendelea kufuta, na hakutaka mtu mwingine ashike kitambaa.

"Kiki," alisema Mamu Simone. "Unamuambia muko wangu ile ya leo inatosha. Ingine aiache, atarudia kesho. Mafuta kwanza."

"Yaya, banasema ya leo inatosha. Ingine uiache, utarudia kesho. Mafuta kwanza."

"Waambie nitarudia."

"Mama, anasema atarudia," Kiki akasema, na kufungua mfuko.